Nani Alipie Ukuta wa Lihemba

Lihemba, Ifakara
16 Juni 2024

Kaka Hermenegildi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kifua kiwe kimetulia. Sisi huku tupo. Mafuriko ya Aprili yaliingia mpaka jikoni kwangu, nikalala shuleni siku tisa pamoja na majirani, lakini hakuna mtu wa nyumba yetu aliyepotea. Mpunga wa bondeni wote ulilala. Nimevuna magunia manne tu, ya kule juu karibu na njia ya Michenga. Paroko mpya anakusalimu. Ndiye anayenipelekea barua posta, na hata bahasha ni zake.

Sasa nikueleze la mkutano, maana linakugusa.

Kijiji kimeamua kujenga ukuta. Tunauita ukuta, lakini ni mtaro mrefu, tuta la udongo kando yake na seng'enge juu ya tuta, kuanzia barabarani mpaka kwenye matete ya mto. Mashamba yabaki huku, ng'ombe wa Wasukuma wabaki kule. Ukuta wenyewe hakuna aliyeupinga, si kwa sauti. Tulichoshikania mashati ni nani aulipie. Halmashauri imesema haina fungu, na mwenyekiti Hilary anataka uishe kabla ya uchaguzi wa Novemba.

Fulgensi alisimama akasema, "Mpunga wangu mimi hautembei. Kinachotembea ni ng'ombe. Mwenye ng'ombe alipe." Makofi yalipigwa mpaka kuku wakakimbia.

Yoramu alikuwa amekaa nyuma na mkewe Eliza. Aliposimama, makofi yalikoma. Unajua kwa nini. Aliinua ule mkono wa kulia, vile ulivyobaki baada ya panga lako, akasema, "Njia ya kwenda majini mnaifunga, halafu kufuli mnataka ninunue mimi?"

Hilary akamjibu kwamba hukumu ya mahakama ilisema ng'ombe wake walikutwa ndani ya shamba lako. Ulifungwa kwa kumjeruhi, lakini aliyevunja mpaka ni yeye, na aliyevunja mpaka ndiye wa kulipa zaidi ya wote. Yoramu akasema, "Ng'ombe wangu walikuwa njiani. Hermenegildi anajua. Ndiye aliyewashikia wapimaji kamba siku bikoni za mpaka zinawekwa. Muulizeni. Akiandika kwa mkono wake kwamba walikuwa shambani mwake, nitalipa, wala sitasema neno tena."

Kaka, bikoni ya kwako tumeichimba tumeikosa, tope limeifukia. Ramani ya kijiji imeoza kabatini kwa maji. Hivyo wote wanakungoja wewe. Andika ilisimama wapi.

Mdogo wako,
Brigita


Gerezani, Dodoma
9 Julai 2024

Brigita mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia ikiwa imeshafunguliwa, kama zote. Poleni sana na maji. Nilisikia redioni nikawa sili vizuri, lakini sikuwa na namna ya kuuliza. Kifua kinasumbua wakati wa baridi, na Dodoma mwezi huu ni baridi ya kukata masikio. Nimepangiwa bustani ya mboga. Mchicha wa huku ni mdogo kuliko wa kwetu, lakini unaota.

Kuhusu ukuta, nashangaa mnagombana. Wakulima tulikuwepo bondeni kabla ya ng'ombe hao. Walipe wao. Mimi nimeshalipa, na bado naendelea kulipa, miaka saba si michache. Mwambie Hilary nimesema hivyo.

Mambo ya bikoni na vipimo ni ya zamani, mengine nimeyasahau. Waulizeni wapimaji.

Mke wangu hajaniandikia tangu Pasaka. Je, Edna anaumwa? Kama anaumwa usinifiche.

Kaka yako,
Hermenegildi


Lihemba, Ifakara
4 Agosti 2024

Kaka,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri, joto limeanza kurudi na mbu wamepungua. Wiki iliyopita tulibatiza watoto kumi na wawili kwa mpigo. Edna haumwi. Ana shughuli zake.

Wamekubaliana hivi: kila mfugaji atoe ng'ombe mmoja katika kila kumi, wauzwe mnada wa Ifakara, ndio utakuwa mchango wao. Wakulima tutatoa nguvu kazi na chakula cha dereva wa katapila. Yoramu peke yake ametajiwa ng'ombe sita kati ya kumi na tisa alio nao, kwa kosa la kuvunja mpaka. Hajakataa. Anasema anangoja neno lako.

Juzi Eliza alipita kwangu na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nikamwuliza, "Mama Omega, kwa nini unaniletea mimi?" Omega ndiye binti yao mkubwa, ameolewa huko kwao. Akasema, "Nyumba yako iko karibu, na jua ni kali." Alikunywa maji, akarudi. Hakuuliza habari zako, wala hakukutukana. Maziwa niliyanywa, kaka, lakini nilikaa nayo muda kabla ya kuyanywa.

Usiniambie umesahau. Wewe unakumbuka mpaka rangi ya baiskeli ambayo baba aliikosa mnadani kwa kuchelewa. Mstari mmoja unatosha. Kama ng'ombe walikuwa shambani, sema. Kama walikuwa njiani, sema pia, ukuta utapita pengine na huyu mtu abaki na mifugo yake.

Brigita


Gerezani, Dodoma
25 Agosti 2024

Kwa Mwenyekiti wa Kijiji na wananchi wote wa Lihemba.

Mimi Hermenegildi, mkazi wa kijiji hicho, kwa sasa nikiwa kifungoni, nathibitisha kwamba bikoni ilisimama mwanzo wa nyasi ndefu, kama mchoro wa hukumu unavyoonyesha. Ng'ombe wa Yoramu walikuwa ndani ya shamba langu.

Brigita, nimeandika. Usiniulize tena. Mwambie Edna aniandikie.

Hermenegildi


Lihemba, Ifakara
22 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Wazima wote. Embe zimeanza kutoa maua, na binti yako Gladness amenipigia kutoka Mlimba, anasema mtoto wake ameota jino. Gladness sasa anakuita babu kwenye simu, ingawa hupo kusikia.

Barua yako ilisomwa. Hilary alitaka kuisoma yeye, lakini Yoramu akaomba isomwe na ndugu wa damu, asije mtu akasema imebadilishwa. Nikasimama mimi. Niliisoma yote, mpaka pale pa kwangu nikaacha. Yoramu aliniangalia mdomo muda wote. Nilipomaliza akasema, "Mama, rudia jina lake." Nikasema, "Hermenegildi." Akasema, "Basi." Akakaa chini.

Kesho yake aliwaleta ng'ombe sita yeye mwenyewe, fimbo kwenye mkono wa kushoto. Mmoja alikuwa yule mwekundu wa Eliza, mwenye maziwa. Fulgensi alikuwa anapokea. Alijaribu kumtania, Yoramu akageuka na fimbo yake, akaondoka. Alisema hatasema neno tena, na kweli hajasema.

Katapila lilifanya kazi wiki mbili. Ukuta umesimama. Unapita mwanzo wa nyasi ndefu kama ulivyoandika, na ile njia pana iliyokuwa inashuka kwenye kivuko cha mchanga imebaki upande wetu. Fulgensi ameshaanza kuilima. Wafugaji sasa wanazunguka mwendo wa asubuhi nzima kwenda kunywesha kwenye ukingo wa juu wa mto, kule ambako baba alituchapa tulipokwenda kuogelea. Kumekauka sana sasa. Naona vumbi lao likienda, na mchana naona likirudi.

Na la Edna. Nimechoka kukuzungusha. Edna hayupo nyumbani. Aliondoka baada ya Pasaka, yuko Sanje kwa dada yake, anauza ndizi barabarani. Nilimwuliza sababu, akanijibu, "Muulize kaka yako." Basi nakuuliza.

Brigita


Gerezani, Dodoma
13 Oktoba 2024

Mdogo wangu Brigita,

Marahaba. Usiniulizie afya leo.

Barua yako niliisoma bustanini. Nilipofika pale alipokuambia urudie jina langu niliikunja, nikamwagilia matuta yote, kisha nikaifungua tena. Yule mtu aliniamini. Nilimharibu mkono, na bado aliamini kwamba nikiulizwa mbele ya watu nitasema kweli.

Bikoni niliihamisha mimi.

Ilikuwa Agosti 2020, wiki tatu baada ya wapimaji kuondoka. Nyasi zilikuwa zimeungua, kila kitu kinaonekana wazi. Ilisimama kando ya shamba letu la zamani, na baada yake ni njia ya ng'ombe. Niliing'oa, nikaiweka begani, nikahesabu hatua themanini na nne kuvuka njia mpaka mwanzo wa nyasi ndefu. Edna alichimba shimo la pili kwa sababu nilimwamuru. Alikuwa akilia huku anachimba. Mimi nilimwambia wafugaji hawajui kusoma namba za bikoni, na watoto wetu watatushukuru kwa zile ekari.

Msimu uliofuata nililima njia. Mpunga ulistawi kweli, unakumbuka ulivyonisifu. Yoramu alikuja na ng'ombe wake wakaingia humo, kwa sababu ndiko walikozoea kupita. Alinisalimia kwanza. Alisema, "Shikamoo mzee." Kisha akasema, "Mzee, hapa ni njia." Hakupiga kelele. Vibarua wangu wanne walikuwa wamesimama wanasikia. Mahakamani nilisema alinishambulia kwa fimbo. Fimbo aliiinua kuwarudisha ng'ombe. Nilimkata kwa sababu alisema kweli na watu walisikia.

Mtendaji wa kijiji alipokuja na polisi kupima, bikoni aliikuta pale nilipoiweka. Kila mtu akaamini. Kijiji kikaniona mtu aliyefungwa kwa kutetea mpunga. Hata wewe uliniletea mandazi rumande ukasema, "Kaka, usijali, kila mtu anajua wewe ni nani." Nilikula yale mandazi, Brigita.

Afande anayesoma barua zetu ataisoma hii. Aisome. Wewe isome mkutanoni, yote, usiruke kitu. Ng'ombe wa Yoramu warudishwe. Ukuta wauhamishe, au waukate pale penye njia, kabla watu hawajaumia kwenye ule ukingo. Kama watauliza gharama ni za nani, ni zangu. Uza shamba. Fanya haraka.

Hermenegildi


Lihemba, Ifakara
27 Oktoba 2024

Kaka,

Shikamoo. Sijapata jibu lako la barua ya Septemba. Huenda posta imechelewa, huenda hujaandika. Naandika kwa sababu ni lazima usikie kutoka kwangu.

Yoramu amefariki.

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe 19. Alikuwa ukingo wa juu na Eliza, wananywesha. Ndama alizama kwenye tope, Yoramu akashuka kumsukuma. Ukingo umechimbika chini kwa maji, juu unaonekana mgumu. Ukamomonyoka. Eliza anasema alishika mzizi. Ulikuwa upande wake wa kulia, na aliushika kwa mkono uliokuwa upande huo. Mkono ule haukushika. Eliza alimwona usoni, anasema alionekana kama mtu aliyesahau kitu. Maji ya pale hayana kelele. Walimpata siku ya pili kwenye matete, mwisho wa ukuta wetu, upande wa kwao.

Mazishi tulikwenda. Wengine hawakwenda. Fulgensi alikwenda na sepetu, akachimba tangu kulipokucha mpaka mikono ikatoka malengelenge, hakutaka kupokewa. Hilary alileta mchele na sukari. Nilimshika Eliza mkono nikasema pole. Akasema, "Asante, mama." Nilitamani anifukuze.

Nakumbuka nilivyosimama na karatasi yako. Sauti iliyosema ng'ombe walikuwa shambani ilikuwa yangu. Nasali kwamba uliandika kweli. Nasali hivyo kila siku, na sijui kwa nini nahitaji kusali.

Brigita


Gerezani, Dodoma
24 Novemba 2024

Brigita,

Barua yako ya tarehe 27 nimeipata. Je, ya kwangu ya tarehe 13 Oktoba imefika? Kama haijafika niambie, nitaiandika tena neno kwa neno. Kama imefika na unanyamaza, naelewa.

H.


Lihemba, Ifakara
12 Januari 2025

Hermenegildi,

Barua yako ya tarehe 13 ilifika Novemba 18. Ulipoiandika Yoramu alikuwa na siku sita za kuishi. Ilikaa wapi sijui, wala sitapoteza maisha yangu kutafuta.

Sikuisoma kwa mtu yeyote kwanza. Nilipanda gari nikaenda Sanje. Edna alikuwa kando ya barabara na mikungu yake. Aliponiona na karatasi mkononi aliketi juu ya ndoo.

Nikamwambia, "Ulijua."

Akasema, "Nilichimba shimo."

"Miaka minne, wifi. Ningekuwa na neno hili Juni, mtu angekuwa hai."

"Nilidhani ataandika mwenyewe. Pasaka nilimwandikia nikamwambia asipokiri sitarudi ndani ya nyumba ile. Hakunijibu hilo. Alinijibu kuhusu shuka." Kisha akafunika mikungu kwa kanga, akapanda gari pamoja nami, hajarudi Sanje tena mpaka leo.

Kwa hiyo uliposema Edna hajaandika tangu Pasaka, ulijua alichokuandikia Pasaka hiyo. Hili nalo uliliacha.

Mkutano ulikuwa Desemba 7, Hilary akiwa amechaguliwa tena. Nilisoma yote, sikuruka. Na mandazi nilisoma. Edna alisimama kando yangu, akasema kwa mdomo wake, "Ni kweli, mimi ndiye niliyechimba." Hilary akasema mfungwa anaweza kuandika chochote akitaka kuonewa huruma. Halafu Fulgensi akauliza, na nadhani hakuwa na nia mbaya, "Sasa kuuhamisha huo ukuta, nani atalipa?"

Ikaanza upya. Wakulima wakasema wao walishatoa nguvu zao. Mtendaji akasema aliyedanganya alipe. Mwingine akasema wafugaji waliobaki ndio wanaohitaji njia, wachangie. Walizungumza kwa saa tatu nzima kuhusu dizeli ya katapila. Eliza alikuwa amekaa palepale nyuma, peke yake kwenye benchi. Aliinuka katikati ya maneno, akavuka uwanja, hakuna aliyemwita.

Shamba lako nimeliuza, lote, la halali. Hilo la njia si letu kuliuza. Niliongeza na nusu ya shamba langu la juu. Nimenunua ng'ombe sita kijiji cha Mbingu, mmoja ana maziwa. Mimi na Edna tuliwaswaga wenyewe siku mbili, wanawake wawili tusiojua hata kuwapigia mluzi, watu wakitutazama. Eliza aliwapokea bila kuwahesabu. Nilimwambia, "Hawa hawamrudishi Yoramu, najua." Akasema, "Hapana, mama. Hawa ni ng'ombe." Akawafungulia zizi.

Tulianza kulikata tuta, mimi na Edna, kwa majembe, pale penye njia. Siku ya tatu walikuja mgambo wakatuzuia, wakasema ni mali ya kijiji. Nina kesi baraza la kata mwezi ujao. Majirani hawanisalimii vizuri. Mpunga wangu tulipanda mimi na Edna peke yetu mwaka huu, hatukupata kibarua hata mmoja wa hapa.

Eliza ameondoka. Lori lilikuja Jumanne iliyopita likambeba yeye na mifugo yote, amerudi kwao kwa binti yake. Hakuna tena ng'ombe wao wa kuvuka hapa.

Umeniandikia kwamba unaelewa nikinyamaza. Usielewe haraka hivyo. Mimi ni mdogo wako, nitaendelea kukutumia dawa za kifua, na Edna ameniambia nikusalimie, nami nimekusalimia. Lakini kifungo chako kina mwisho, na najua unavyowaza: utashuka stendi ya Ifakara na mfuko wako, utatembea mpaka kwangu, nitapika, utakula, tutalia, itakuwa imekwisha.

Usije kwangu. Ukitoka panda basi la Kanda ya Ziwa, ushuke Bariadi. Jina la kijiji cha Omega na la mwenyekiti wao nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Mwambie Eliza uliyonieleza mimi, kwa mdomo, hata asipokukaribisha kiti. Hata wakikufukuza. Kisha mwombe yeye anipigie simu.

Namba yangu anayo. Nitangoja sauti yake kwanza, ndipo nitakapokufungulia mlango.

Brigita